Mrejesho: kahawa ya kila siku nimeiacha

Habari zenu wakuu. Niliuliza namna ya kuacha kahawa ya kila asubuhi bila kuumwa kichwa, na wengi mkanishauri nipunguze kidogo kidogo. Nimefuata, nawashukuru kwa dhati.

Kichwa kiliuma, ila kwa mbali. Aliyenieleza kuhusu adenosini (kemikali ya mwilini inayoleta usingizi na kutanua mishipa ya damu) ndiye aliyenisaidia zaidi: kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huizuia kufanya kazi yake, hivyo ukikatisha ghafla mishipa ya damu kichwani hutanuka, na maumivu huanza ndani ya saa 12 hadi 24. Yanaweza kufika hata siku 9, kisha basi. Kujua kuwa yana mwisho kulinipa subira sana.

Usingizi sasa ni mtamu mno! Chai bado nakunywa, ingawa nayo ina kafeini. Hiyo nitaipunguza taratibu.