Mrejesho: gari lililokuwa linachemsha kwenye foleni

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliwauliza kuhusu gari langu: barabara ikiwa wazi mshale wa joto unatulia katikati, nikikwama kwenye foleni ya Mbagala unapanda mpaka juu. Fundi wa kwanza alishasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, nitafute hela ya kufungua injini.

Gasketi ilikuwa nzima. Mmoja wenu aliniambia niwashe gari likiwa limesimama, nisubiri lipate moto, kisha nitazame feni ya rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini). Haikuzunguka kabisa! Fundi wa umeme akaiunga moja kwa moja kwenye betri, kimya. Fyuzi na relei (swichi ya umeme ya feni) vilikuwa salama. Kaboni za mota ya feni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, ndizo zilizoisha. Ukiwa kwenye mwendo upepo unapoza rejeta wenyewe, ndiyo maana sikuwa nagundua.

Tulikuta pia mfuniko wa rejeta umelegea mpira. Huu nao msiudharau. Ule wa shinikizo la bar 1.1 ukishika vizuri, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukivuja, yanachemka kwenye 100 na kumwagika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba fundi wa kwanza alikuwa ameng'oa themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) na kujaza maji ya bomba. Nimerudisha themostati mpya, tukasafisha mfumo hadi kutu ikaisha, nikaweka kulanti, yale maji maalum ya kupoza injini.

Jana nimekaa foleni saa nzima, kiyoyozi kinafanya kazi, mshale haukutikisika. Asanteni sana, mmeniokolea injini.