Mjadala: Bomba la hewa baridi liruhusiwe daraja la 150, au kila mtu abaki na boksi la kiwandani?

Spana14 (mwanzisha mada)
Wakuu, tunaandika upya kanuni za mbio zetu za pikipiki, daraja la 150 (injini za sisi 150), na hoja moja imetugawa. Je, mtu aruhusiwe kufunga bomba linalovuta hewa kutoka mbele, chini ya taa, badala ya kuivuta huku nyuma ya injini? Mimi nasema aruhusiwe. Nilibandika kipimajoto cha waya ndani ya boksi la eya klina, yaani chujio la hewa. Pale mstarini, injini inanguruma, kikasoma nyuzi 58. Kivulini ilikuwa 31. Hewa ya moto hivyo ni nyepesi kwa kama asilimia 8. Nimekuwa nikivuta joto la injini yangu mwenyewe misimu yote hii.

Mbiombio
Ruhusuni! Kawasaki waliweka tundu la hewa mbele kwenye pikipiki yao ya ZX-11 tangu 1990. Ukikimbia, hewa inajisukuma yenyewe ndani. Ni tabo (pampu ya kushindilia hewa) ya bure, nguvu inapanda hata asilimia 20.

HesabuKwanza
Asilimia 20 umeitoa wapi, kaka? Msukumo wa upepo unakua kwa mwendo mara mwendo. Kwenye kilomita 300 kwa saa unaongeza kama asilimia 4 ya kanieneo ya hewa. 150 zetu zinagota 110 au 120, hapo unapata nusu asilimia. Faida iko kwenye ubaridi, si kwenye msukumo. Ndiyo shida ya mafundi wetu wa mtaani, injini wanaitegeshea sikio halafu wanasema wameseti.

GerejiYaChini
Hapo kwenye sikio umenigusa mimi, na nitakujibu. Nimefungua injini miaka 17. Wewe umewahi kutoa plagi ya moto kwa vidole ukaisoma rangi? Nyeupe, injini ina njaa ya petroli. Nyeusi, imeshiba kupita kiasi. Kahawia kama chai ya maziwa, umepatia. Hiyo hesabu yako haina rangi.

HesabuKwanza
Sijamtaja mtu, mzee wangu. Nimesema kupima ni kupima.

GerejiYaChini
Umesema "mafundi wetu wa mtaani". Mimi ni fundi wa mtaani. Nani mwingine umemkusudia?

Mbiombio
Asilimia 20 nilisimuliwa na mtu anayekimbia kabisa, sikuitunga.

DadaWaPlagi
Naomba niingie, maana naona tumeshaanza kupigania heshima. Bomba nililifunga mwaka jana. Wiki ya kwanza pikipiki ilivuta vizuri sana. Wiki ya pili, gia ya mwisho, ikaanza kusita kama inakatiwa mafuta. Nilipofungua, pistoni ilikuwa imeanza kuungua ukingoni. Hewa ilikuwa imekuwa nzito na mimi meni jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, sikuigusa. Aliyeniokoa ni fundi wa mtaani, aliitazama plagi mara moja tu akaniambia weka jeti kubwa zaidi, panda namba mbili. Hakutoa kikokotoo.

GerejiYaChini
Asante mwanangu. Wameskia?

HesabuKwanza
Dada, pole kwa pistoni. Lakini kisa chako ndicho nilichokisema: hewa baridi ni nzito, petroli lazima iongezwe. Hesabu ingekuambia kabla hujaunguza.

DadaWaPlagi
Ingeniambia kama ningekuwa na mtu wa kunihesabia bila kunidharau.

VumbiJekundu
Nyie mnabishana nani msomi, wenzenu tunakimbia kwenye vumbi. Msimu uliopita kuna kijana alifunga bomba tupu, eya klina akaitupa ili hewa ipite vizuri. Baada ya mbio tatu nilipitisha kidole kwenye mdomo wa kabureta yake, kikatoka chekundu kama nimechovya kwenye udongo wa mfinyanzi. Ringi za pistoni kwisha, silinda ina michirizi. 150 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika inavuta kama lita 10 za hewa kila sekunde. Pigeni picha lita 10 za vumbi letu.

Spana14
Basi tuseme bomba ruksa, eya klina lazima?

Mbiombio
Eya klina inabana hewa.

VumbiJekundu
Weka kubwa. Ikiwa pana haibani.

GerejiYaChini
Mimi nakubali bomba. Nimelikubali tangu mwanzo, hakuna aliyeniuliza. Ila boksi lifungwe kisawasawa, bomba lisiguse ekzosi, na mdomo wake uangalie chini kidogo maji ya dimbwi yasipande. Na kijimpira cha kupumulia cha bakuli la kabureta mkirudishe ndani ya boksi. Bakuli na boksi zikitofautiana mgandamizo, petroli haiji sawasawa. Hilo nalo nilijifunza mtaani.

HesabuKwanza
La kijimpira ni kweli kabisa. Kwa mwendo wa 120 tofauti ni ndogo, ila mwenye pikipiki kubwa litamkamata. Mzee, neno la sikio nalifuta. Kipimo cha joto bado nakitaka kwenye ukaguzi.

GerejiYaChini
Njoo nacho Jumamosi. Mimi nitakuja na plagi zangu, tuone kipi kitakamata kosa kwanza.

Mbiombio
Kwa hiyo kura lini? Nimeshanunua bomba.