Kazi niliyoisubiri miaka saba ipo Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, nyumba yetu ipo Chanika, pembezoni mwa jiji: nipange chumba mjini, tuhame wote, au niendelee kusafiri?

Baba wa Chanika (mleta mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Nimekuwa msomaji wa nyuzi za ajira humu kwa muda mrefu, na leo naandika uzi wangu wa kwanza, kwa sababu nimefikwa na jambo la furaha ambalo limeniweka kwenye njia panda.

Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka 2017. Tangu hapo nimetuma maombi kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya ajira serikalini, mara nyingi sana, hata mke wangu akawa anazijua tarehe za mwisho za matangazo kunishinda. Nimefanya usaili wa mchujo mara tano na kufika kwenye mahojiano mara mbili, na mara ya pili nikaambiwa nimefaulu ila nafasi zimejaa, hivyo jina langu litabaki kwenye kanzidata. Aliyewahi kukaa kwenye kanzidata atanielewa: umefaulu, na kesho yake unaamka huna pa kwenda. Miezi mitatu iliyopita lilitoka tangazo la kuitwa kazini. Simu yangu haikuwa na bando, tukafungua faili kwa simu ya mke wangu, tukashuka jina kwa jina hadi ukurasa wa nne, na hapo tukalikuta langu. Alianza yeye kulia.

Katika miaka yote hiyo nyumba iliendeshwa na cherehani yake. Anashona sare za shule, madera na mashati ya vitenge, na mimi nilikuwa nikiandika hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi ya Chanika na Gongo la Mboto pale wenye maduka waliponihitaji. Siku nisizokuwa na kibarua, ambazo zilikuwa nyingi, nilimpeleka binti yetu shule, nikapika, nikamwogesha mdogo wake, na jioni tukala pamoja kwenye mkeka barazani. Sikuwahi kuyaita hayo maisha mazuri, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye kazi ambayo haikuwepo.

Sasa kazi ninayo, na naipenda kwa dhati. Napenda kuvaa shati lililopigwa pasi, napenda kuona hesabu zikilingana, na Ijumaa napitia soko la samaki Feri ninunue changu wawili au vibua, nikifika nyumbani wanangu wafungue mfuko kabla sijaketi. Tatizo ni siku nyingine nne. Natoka Chanika saa kumi na nusu alfajiri ili niikwepe foleni, nafika ofisini kabla ya saa moja, kazi inaanza saa moja na nusu. Kwa taratibu muda wa kazi unaisha saa tisa na nusu alasiri, lakini mimi ni mgeni kwenye kitengo, mara nyingi natoka saa kumi na mbili, na nikifika nyumbani ni saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Mdogo, mwenye miaka mitatu, amelala. Binti wa darasa la pili ananisubiri huku anasinzia. Juzi aliniuliza kama kazi ikiisha nitarudi kumpeleka shule.

Rafiki yangu mwenye chumba Buguruni amenishauri tuchangie kodi, nilale huko Jumatatu hadi Alhamisi. Kaka yangu anasema tupangishe nyumba yetu, tuhamie Tabata au Ukonga. Mke wangu hajasema neno. Anasema niamue mimi kwa kuwa kazi ni yangu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliopitia hali kama hii.

Mzee wa Reli

Kijana wangu, hongera sana, na mpe hongera zaidi mama watoto wako.

Nimestaafu, na nitakueleza jambo ambalo sijawahi kulieleza hadharani. Nilipoajiriwa nilikubali kukaa mbali na familia kwa muda, nikiamini ni mwaka mmoja tu hadi mambo yatengemae. Mwaka ukawa minne, kwa sababu kila mambo yalipokaribia kutengemaa kulikuwa na jambo jingine linalohitaji fedha. Siku moja nilirudi bila taarifa, mwanangu wa pili akafungua mlango, akanitazama, akakimbia ndani kumwambia mama yake kuwa kuna mgeni. Mke wangu alicheka, nami nikacheka, lakini usiku ule sikupata usingizi. Leo huyo mwanangu ni mtu mzima mwenye heshima zake, hunipigia simu kila mwezi, na bado huzungumza nami kama mtu anayezungumza na mjomba.

Buguruni si mbali, najua. Ila chumba ukishakilipia kinakuwa na sababu zake: leo mvua, kesho mkaguzi, keshokutwa umechoka. Jumatatu hadi Alhamisi itageuka Jumatatu hadi Jumamosi bila wewe kukaa chini na kuamua hivyo. Mimi sikupi ruhusa ya chumba.

Mkaguzi wa Ndani

Kwa heshima zote kwa mzee wangu hapo juu, naomba nitofautiane naye kidogo. Mleta mada yupo kwenye mwaka wa majaribio, na bado hajathibitishwa kazini. Mtu anayelala saa nne na kuamka saa tisa na nusu usiku kwa miezi kumi na mbili atakosea, na katika uhasibu kosa la uchovu huandikwa kwa jina lako. Chumba cha Buguruni kwa mwaka mmoja, chenye mwisho unaojulikana na kuandikwa, si kuitelekeza familia. Kazi iliyosubiriwa miaka saba inahitaji kulindwa, kwa sababu ndiyo itakayowalisha hao watoto.

Dada wa Cherehani

Kaka yangu, nimesoma uzi wako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo swali, sikupaona. Umetueleza kuwa hajasema neno. Mwanamke aliyeibeba nyumba miaka saba kwa cherehani hakosi la kusema, bali anaogopa kuonekana anaizuia kazi ambayo mmeililia wote.

Mimi pia ni fundi, kwa hiyo nitakuambia kile ambacho huenda yeye anakihesabu kimyakimya. Mteja wa fundi cherehani ni wa mtaa. Anakuja kwa sababu vipimo vyake vimo kwenye daftari lako, anajua kitambaa chake hakitapotea, na anaweza kukulipa nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Ukihamia Tabata unaanza moja, na utakuta mtaa huo una mafundi wake. Halafu sare za shule zina msimu: mwezi Desemba na Januari mimi sipumziki, na fedha ya miezi hiyo miwili ndiyo inayonivusha hadi Pasaka. Mkihama katikati ya mwaka, au mbaya zaidi mwezi Desemba, unamwondolea mkeo mavuno wakati mahindi yameshakauka shambani.

Muulize, lakini usimuulize mbele ya watu, wala usimuulize ukiwa umeshaamua.

Karani wa Mishahara

Naomba nizungumzie hesabu, kwa kuwa naona watu wanapanga kuhama bila kuutazama mshahara wenyewe. Tuchukue mfano wa mshahara ghafi wa shilingi 900,000, kwa kuwa wako siujui na sihitaji kuujua. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 45,000. Kodi ya mapato kwa kiasi kinachobaki, yaani 855,000, ni 91,750. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3 ni 27,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, nayo ni 135,000. Unabaki na 601,250, na ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kuna makato mengine tena. Hiyo ndiyo fedha ya kupangia maisha, si 900,000.

Sasa weka kodi ya nyumba Tabata. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Fedha hiyo mwajiriwa mpya hana, kwa hiyo wengi hukimbilia mkopo wa benki. Kanuni inataka makato yasipunguze mshahara wa mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na nimeona vijana wanaoifikia theluthi hiyo ndani ya mwaka wa kwanza, kisha wanaishi nayo miaka mitano. Tafadhali usiwe mmoja wao.

Jambo jingine ambalo halihusiani na kuhama ila linahusu familia: je, umeshawaandikisha NHIF? Mchangiaji anaruhusiwa kumwingiza mwenza na wategemezi wanne. Utahitaji cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Lifanye wiki hii, usisubiri mtoto apandwe na homa usiku.

Baba wa Chanika (mleta mada)

Nawashukuru wote. Karani, vyeti nilivipeleka wiki ya pili baada ya kuripoti. Siku namba za bima zilipotoka mke wangu alizinakili kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa kwanza, kwa kuwa mwaka juzi mdogo aliugua homa ya mapafu na tulilipia matibabu kwa kuuza cherehani ya pili.

Mkaguzi, hoja yako ya uchovu ni ya kweli, na wiki iliyopita nilipitiliza kituo kwa usingizi. Hata hivyo maneno ya Mzee wa Reli yamenikaa moyoni. Dada, umenipata. Sijamuuliza.

Mpanda Treni

Ndugu yangu, mimi naishi Pugu na nafanya kazi jirani na Stesheni. Mbona hujataja treni? Treni ya abiria ya Pugu haikai kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, na foleni hiyo ndiyo inayokula jioni yako, hasa tangu ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi kuelekea Gongo la Mboto ulipoanza. Kutoka Posta unatembea hadi Stesheni, unashuka Pugu, unachukua daladala ya Chanika. Inajaa, hilo nisikufiche, na ukiikosa umeikosa, kwa hiyo inakulazimisha kutoka ofisini kwa wakati.

Nalo hilo ndilo ninalotaka kukuuliza. Unafika ofisini kabla ya saa moja na kazi inaanza saa moja na nusu. Dakika hizo arobaini za asubuhi unazifanyia nini? Ofisi ikiwa tupu, kazi inayokuchukua dakika tisini jioni huisha kwa nusu saa. Zungumza na mkuu wako wa kitengo kwa adabu, umweleze unakotoka, uombe kuanza mapema. Wakuu wengi hawajui watumishi wao wanalala wapi.

Dada wa Cherehani

Mpanda Treni amesema vizuri. Nami naongeza kwamba mtoto wa miaka mitatu anaweza kulala mchana ili usiku akusubiri. Hilo analiweza mkeo, mradi ajue kuwa saa utakayofika ni ya kweli.

Mzee wa Reli

Na usiwaahidi watoto saa ambayo huwezi kuitimiza. Waambie utakuja, usitaje saa, hadi uwe na uhakika nayo.

Baba wa Chanika (mleta mada)

Wanajukwaa, zimepita wiki tatu, nimeona ni vyema nirudi kuwapa mrejesho.

Nilimuuliza mke wangu Jumapili mchana, watoto wakiwa kwa jirani, nami nikiwa namsaidia kukata nyuzi kwenye sare alizokuwa akimalizia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hataki kuhama mwaka huu, wala hataki nilale Buguruni. Alisema katika miaka saba hakuwahi kuomba niwe tajiri. Aliomba nipate kazi ili niache kukaa mezani nikiwa nimeinama. Sasa nimeacha kuinama, na meza imebaki bila mimi. Nilikuwa sijui kama aliniona hivyo wakati wote ule. Tuliongea hadi adhana ya alasiri, na sare zile tukazimalizia usiku.

Mkuu wangu wa kitengo alinisikiliza kwa upole kuliko nilivyotarajia. Vitabu vinavyonihusu navifungua asubuhi kabla wenzangu hawajafika, kisha alasiri natoka kwa wakati, isipokuwa siku mbili za mwisho wa mwezi tunapofunga hesabu, ambazo nyumbani wanazijua na tumeziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani. Treni inajaa kweli, na wiki ya kwanza niliikosa mara mbili. Kaka yangu bado anaona ninakosea kutopangisha nyumba, naye namheshimu, ila tumekubaliana suala la kuhama tulizungumze nitakapothibitishwa kazini, msimu wa sare ukiwa umepita. Likizo yangu ya mwaka ni siku 28, nami nimeshaiomba iangukie wakati shule zimefungwa.

Kumpeleka binti shule sitaweza tena, na nimemweleza hivyo bila kumdanganya. Yeye akapendekeza kwamba badala yake nimsikilize akisoma. Jana niliingia getini saa moja na robo, nikamkuta amekaa kwenye mkeka na kitabu kimefunguliwa, mdogo wake akiwa macho pembeni yake, na akanisomea ukurasa mzima kabla sijavua viatu.