Vitabu vya sura fupi kuhusu urafiki na mazimwi: vinamfaa mtoto anayeogopa usiku?

Mzazi wa Tanga

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu, hasa wa walimu na wa wale waliokwisha kulea watoto wa umri huu. Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili, na Kiswahili anakisoma bila kukwama. Tangu bibi yake alipomsimulia kisa cha yule msichana aliyerudi peke yake mwambani kufuata kombe lake, akakamatwa na zimwi na kutiwa ndani ya pipa, usiku umekuwa mzito nyumbani kwetu. Kanzu ya baba yake iliyotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango huwa mtu, chandarua kikipeperushwa na upepo huwa mtu, na komba wakianza kulia kwenye miembe, hutoka kitandani mbio na kuja kulala katikati yetu.

Mdogo wangu anayeishi Uingereza ametuletea vitabu viwili vyembamba vya Kiingereza, vimegawanywa katika sura fupi zenye picha. Katika vyote viwili mtoto anagundua zimwi chumbani mwake, na badala ya kulikimbia anazoeana nalo mpaka wanakuwa marafiki. Nimevisoma mwenyewe nikavipenda. Mama mkwe wangu hakuvipenda hata kidogo. Anasema mtoto hafundishwi kufanya urafiki na kitu ambacho sisi wenyewe kila jioni tunamwomba Mungu atukinge nacho. Je, vitabu vya namna hii humpunguzia mtoto hofu, au humpa jambo jipya la kuogopa? Na kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubabaisha, nitapata wapi vya Kiswahili?

Mwalimu wa darasa la pili, Morogoro

Pole kwa kukosa usingizi, dada. Vitabu hivyo viliwekwa sura kwa sababu maalumu, nayo inamhusu sana binti yako. Vimekusudiwa mtoto ambaye amekwisha kujua kusoma lakini bado hajaiweza riwaya: maandishi ni makubwa, kurasa kwa kawaida hazifiki 100, na sura moja humalizika kabla mtoto hajachoka. Kwa mtoto mwoga, faida kubwa iko hapo hapo kwenye sura. Sura inapokwisha kitabu hufungwa, na zimwi hubaki ndani ya kurasa mpaka mtoto mwenyewe aamue kulifungulia kesho. Bibi anaposimulia gizani, mtoto hana uwezo wa kumsimamisha. Hadithi huenda kwa mwendo wa msimulizi, na picha ya zimwi huchorwa na kichwa cha mtoto peke yake, ambacho siku zote huchora kupita kiasi.

Jambo la pili ninaloliangalia ninapochagua ni kile ambacho zimwi linahitaji. Katika vitabu vizuri zimwi lina shida: limepotea, linaogopa mwanga wa mchana, halijui kulala peke yake, na mtoto ndiye anayepaswa kulisaidia. Vile ambavyo zimwi ni kichekesho tangu ukurasa wa kwanza havina ubaya wowote, lakini sioni vikimsaidia mtoto anayeogopa kweli, kwa sababu hakuna hofu yoyote ambayo mhusika ameivuka.

Nitaje kimoja ambacho hakina zimwi lakini nakiona bora kuliko vingi vyenye mazimwi: The Owl Who Was Afraid of the Dark cha Jill Tomlinson, kilichotoka Uingereza mwaka 1968. Mhusika ni Plop, kinda la bundi linaloogopa giza, ambaye mama yake humtuma nje tena na tena akaulize wengine wanalionaje giza. Mvulana anayesubiri fataki anampa jibu lake, bibi kizee jibu lake, mtu mwenye darubini lake, na paka lake. Sura baada ya sura giza linapata sifa mpya, na hakuna hata mmoja anayemkemea Plop kwa uoga wake. Tahadhari yangu ni moja tu. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hukosa raha, kwa hiyo mzungumzie mtoto kwanza kuhusu ndege huyo, chakula chake na macho yake, la sivyo utakuwa umemletea hofu ya pili kabla hujaiondoa ya kwanza.

Kuhusu Kiswahili, niseme kweli kwamba rafu za umri huu katika maduka yetu zimejaa vitabu vya kiada na visa vya Sungura na Fisi, na vya sura fupi vinavyogusa hofu ya usiku ni adimu. Kwenye mtandao kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa rasmi mwaka 2014, ambao hutoa bure hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zikiwa zimepangwa kwa ngazi za usomaji. Nyingi ni fupi mno kuwa na sura, lakini unaweza kuchapa tatu au nne na kuzibana pamoja.

Msomaji wa Unguja

Mimi niko upande wa mama mkwe, ingawa si kwa kila alilolisema. Wahenga hawakusema kwamba zimwi likujualo halikuli. Walisema halikuli likakwisha. Kuliwa kupo. Mtoto wa pwani hukua akisikia habari za majini kwa watu wazima wanaoziamini kwa dhati, na mwaka 1995, hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipoenea Pemba na Unguja, wazee wazima walilala nje kwa makundi wakiogopa kubaki vyumbani mwao. Katika mazingira hayo, kitabu kinachomwambia mtoto kwamba kilichoko chini ya kitanda ni rafiki yake kinashindana na maneno yote anayoyasikia barazani, na sidhani kama kitashinda.

Ningependelea umsomee kisa cha nunda mla watu, ambacho Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Zanzibar na kukichapisha London mwaka 1870. Wengi hukikumbuka kama hadithi ya kutisha, na hukosa kuona jinsi kilivyojengwa. Nunda alianza kama paka wa Sultani aliyekula kuku, na Sultani akakataa kumwondoa kwa kuwa paka ni wake na kuku ni wake, mpaka mnyama akafikia kula watu na hata wana wa Sultani mwenyewe. Mwana mdogo wa Sultani ndiye anayetoka kwenda kumtafuta nunda. Anaua mbwa, anamleta kwa mama yake akidhani ndiye. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Analeta punda milia, siye, twiga, siye, hata tembo, siye. Kila mara mama hamcheki wala hamzuii kutoka tena. Mtoto anayesikiliza anajifunza kuchungua: kanzu ukutani siyo, chandarua siyo, komba siye. Na kila mnyama ni sura moja iliyo tayari, hata kama Steere hakuzigawa.

Tena, usiache dua. Mtoto wa Kiislamu wa miaka 7 anaweza kuisoma Suratul-Falaq mwenyewe, na humo aya ya tatu inataja shari ya giza la usiku liingiapo. Anajua basi kwamba hofu hiyo si aibu yake peke yake, kwa kuwa watu wote wamefundishwa kuiombea kinga.

Muuguzi wa watoto, Nairobi

Nimewasoma nyote kwa makini, na naona Mwalimu na ndugu wa Unguja wanakaribiana kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wote wawili wanampa mtoto kazi ya kufanya. Utafiti unaelekea upande huo huo. Mwaka 2012 watafiti Kushnir na Sadeh wa Israeli walichapisha kazi yao kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6 wenye hofu kali za usiku, ambao walipewa mbwa wa kitambaa. Baadhi waliambiwa kwamba mbwa huyo angewalinda, na wengine waliambiwa kwamba yeye mwenyewe ni mwoga na anahitaji kutunzwa nao. Hofu ilipungua katika makundi yote mawili. Kwetu si lazima awe mbwa, hasa katika nyumba ambazo mbwa haingizwi ndani. Mwanasesere wa vitambaa aliyeshonwa na bibi mwenyewe atafaa zaidi, na bibi atakuwa amehusishwa katika tiba badala ya kulaumiwa.

Dada, naomba uangalie pia mtoto huamka saa ngapi. Akiamka alfajiri au usiku umekwenda sana, akakumbuka alichokiota na akataka kukumbatiwa, hiyo ni ndoto mbaya, na hadithi zinaweza kusaidia. Lakini akipiga mayowe saa chache tu baada ya kulala, macho yakiwa wazi ilhali hakutambui, na asubuhi hakumbuki chochote, hilo ni tatizo jingine la usingizi mzito, ambalo kitabu hakiliondoi. Usimtikise wala kumwamsha kwa nguvu, mlinde tu asijiumize mpaka atulie. Na hata kama jibu linaonekana kuwa ni hadithi ya bibi, muulize kwa upole, mkiwa wawili, kama kuna mtu anayemtisha au kumgusa vibaya. Watoto wengine huliita zimwi jambo ambalo hawana namna nyingine ya kulisema.

Mzazi wa Tanga

Nawashukuru sana. Muuguzi, huwa anaamka karibu na alfajiri na anakumbuka kila kitu, na nitamuuliza hilo la mwisho leo hii. Mwalimu, nikitaka kumsimulia vile vya Kiingereza kwa Kiswahili, nianzeje bila kumchukiza mama mkwe?

Mwalimu wa darasa la pili, Morogoro

Msome mchana, dada, baada ya chakula, mkiwa ukumbini, na mama mkwe awepo. Simulia sura moja tu kwa Kiswahili chako, kisha umpe binti daftari achore zimwi lile na aandike chini yake sentensi mbili: linaogopa nini, na yeye atalisaidiaje. Ikiwa mama mkwe hapendi neno rafiki, lisitumike. Hadithi haiharibiki zimwi likibaki mgeni aliyepotea njia ambaye mtoto anamwonyesha njia ya kurudi kwao. Yale ya ndugu wa Unguja nayo nayachukua kwa ajili ya darasa langu, kwani sikuwahi kufikiria kukigawa kisa cha nunda kwa sura. Usiku msisome hadithi mpya yoyote; rudieni sura aliyokwisha kuisikia mchana, mwache yeye ndiye akusomee wewe, na ile kanzu ihamishiwe chumba kingine.