Naomba ushauri: mwanga kwenye mkate wa Vermeer

Habari zenu ndugu wachoraji na wapenzi wa sanaa.

Ninajifunza rangi za mafuta na nimekwama kwenye mchoro wa Johannes Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, wa mnamo 1660, ule wa mtumishi wa kike anayemimina maziwa, uliopo kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Mwanga unaingia kwa dirisha la kushoto, na ukuta ule mweupe, ukiutazama vizuri, si mweupe hata kidogo: una kijivu, una njano, una hadi matundu ya misumari. Hapo naelewa.

Kinachonishinda ni mkate ulio mezani. Umejaa vidoti vya rangi nyepesi, vingine vimekaa mahali ambapo mkate halisi, kwa macho yangu, usingemetameta kamwe. Lakini ukisogea nyuma kidogo unaona ganda gumu, unatamani kulimega. Nimeikuza picha kwenye kompyuta, nimeigeuza kuwa nyeusi na nyeupe nipime mwanga na kivuli, nimejaribu pia kuiga kipande hicho kwa rangi nzito. Changu kinaonekana kama mkate ulionyunyiziwa chumvi.

Kwenda kuuona wenyewe siwezi kwa sasa, kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnisaidie: kwenye picha ya kompyuta, nitatofautishaje unene halisi wa rangi na mwanga uliochorwa tu? Na vidoti vya namna hii ni bora niviweke rangi ya chini ikiwa bado mbichi, au nisubiri ikauke?

Natanguliza shukrani.