Maelezo ya mashahidi Baraza la Ajira (Employment Tribunal), Uingereza: yaandikweje?

MleziLeeds: Wakuu, kesi ni ya kufukuzwa kazi nyumba ya wazee, England. Jaji ameagiza tubadilishane maelezo ya mashahidi na mwajiri. Nina wawili: mmoja alikuwepo kwenye kikao cha nidhamu, mwingine alisimuliwa tu. Niambatishe nyaraka? Na mimi mwenyewe niandike?

KalamuNyeusi: Lazima uandike, na yako ndiyo yenye uzito kuliko yote. England na Wales jaji huyasoma kabla. Hupewi nafasi ya kusimulia upya, unaingia moja kwa moja kwenye maswali ya dodoso, yaani kuhojiwa na upande wa mwajiri. Ulichokiacha usitegemee kukiongeza siku hiyo. (Scotland ni tofauti, kwa kawaida shahidi husimulia kwa mdomo.)

Nyaraka usiambatishe. Zinakaa kwenye kabrasha la kesi (bundle, faili la nyaraka zote lenye kurasa za namba), wewe unataja ukurasa: "Tarehe 4 Machi nilipokea barua ya onyo (uk. 57)." Subiri kabrasha likamilike ndipo ujaze namba, maana kurasa zikisogea rejea zako zote zinaharibika.

Juu weka namba ya kesi na majina ya pande mbili. Kisha aya fupi zenye namba, kwa mfuatano wa tarehe: nani alisema nini, wapi, nani alikuwepo. Hoja za sheria ziache kwa ajili ya majumuisho, yaani hoja za mwisho baada ya ushahidi. Usisahau kazi ulizoomba baada ya kufukuzwa na kipato chako sasa. Mwajiri akionyesha kwamba hukujitahidi, fidia inapunguzwa.

Bi Mwanasheria: Huyo aliyesimuliwa hakatazwi, ila ushahidi wake ni mwepesi. Aeleze nani alimwambia na lini. Kama hana la ziada, mwache. Usiwatungie maneno. Maelezo mawili yakifanana neno kwa neno, wakili wa mwajiri ataanzia hapo hapo. Na wafike wenyewe, kwani asiyekuja kuhojiwa maelezo yake hupewa uzito mdogo.

MleziLeeds: Asante sana. Wa kwanza Kiingereza chake ni cha shida.

Bi Mwanasheria: Liandikie Baraza mapema kuomba mkalimani wa Kiswahili, hulipi, na usitegemee ndugu au rafiki afanye kazi hiyo. Maelezo asomewe kwa Kiswahili, arekebishe, ndipo asaini na kuweka tarehe chini ya sentensi kwamba anaamini yaliyomo ni ya kweli.

KalamuNyeusi: Halafu mkubaliane na mwajiri saa ya kutumiana, wote kwa pamoja. Ukitanguliza yako, mashahidi wake watapata muda wa kuyajibu ndani ya maelezo yao.