Naomba ushauri: nianze na mechi ipi?

Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo mafupi kuhusu chimbuko la futiboli ya Kimarekani vyuoni, nimekwama mwanzoni kabisa. Wengi huanzia mechi ya vyuo vya Rutgers na Princeton, Novemba 6, 1869: wachezaji 25 kila upande, Rutgers wakashinda 6–4. Lakini kukimbia na mpira mkononi kulikatazwa! Kwangu hiyo ni soka tu, tena ya vurugu. Mpira kubebwa nauona kwa Harvard na McGill, 1874, walipocheza kwa sheria za raga. Nimejaribu kuanzia 1880, Walter Camp, mchezaji wa Chuo cha Yale, aliposhawishi timu ziwe za watu 11, ila hadithi inakatika. Mngeanzia wapi? Na ule mstari ambapo timu hupangana zikitazamana kabla mpira haujaanzishwa, tuuiteje kwa Kiswahili?